Ukomo wa Muda wa Kumwondoa Mwanafunzi Shuleni: Kutoka Kanuni za 2002 hadi Mwongozo wa 2022

Adhabu ya mahakama huwa na tarehe ya kumalizika. Kufukuzwa shule hakuna. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia ya nidhamu ya shule Tanzania Bara katika miongo miwili iliyopita.

Kanuni za kuwafukuza wanafunzi za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978, ziliruhusu mwanafunzi aondolewe moja kwa moja kwa utovu wa nidhamu uliokithiri, kwa kosa la jinai au la kimaadili, au kwa kufunga ndoa. Kwa makosa ya jinai na ya kimaadili, haikulazimu mwanafunzi awe ameshtakiwa. Mimba haikutajwa, iliingizwa kwa kutafsiriwa kuwa kosa la kimaadili. Katika shule za kutwa za Kimara, kama kwingineko, tafsiri hiyo ilimaanisha kwamba msichana alibakiwa na shule binafsi, ufundi, au mtihani wa maarifa akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia zote hizo zinadai fedha au muda ambao mzazi mchanga hana.

Tarehe 22 Juni 2017, huko Chalinze, mbele ya Kimara katika Barabara ya Morogoro, Rais John Magufuli alitamka kwamba wanafunzi waliojifungua hawatarudi katika shule za serikali. Tamko hilo halikubadilisha kanuni, bali liliipa tafsiri iliyokwisha kuzoeleka uzito wa dola. Zanzibar, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuruhusu kurejea kupitia Sera ya Elimu ya 2006.

Badiliko lilikuja tarehe 24 Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kuondolewa kwa zuio hilo kwa waraka. Mwongozo wa 2022 uliweka kipindi cha miaka miwili cha kurejea. Kwa mara ya kwanza muda ulihesabiwa, lakini hesabu hiyo ilimwelemea mwanafunzi: anayechelewa ndiye anayepoteza haki. Nchini Uingereza hesabu humbana mwalimu mkuu, asiyeweza kumsimamisha mwanafunzi kwa zaidi ya siku 45 katika mwaka mmoja wa shule.

Aidha, waraka ni mdogo kuliko kanuni. Ndiyo maana mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ipige marufuku upimaji wa mimba wa lazima na kuiondoa ndoa katika sababu za kumfukuza mwanafunzi.

Hivyo basi, kilichobadilika ni utekelezaji zaidi ya msingi wa sheria. Haki iliyorejeshwa kwa waraka yaweza kuondolewa kwa waraka mwingine. Ukomo wa adhabu utakuwa salama pale tu utakapoandikwa katika kanuni zenyewe, na kumfunga anayeadhibu kabla ya kumfunga anayeadhibiwa.