Ugomvi wa vigogo, na Wahindi wa Kenya waliosahauliwa



Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia tunakesha kwenye televisheni: nani kamgeuka nani chamani, nani kateleza ulimi. Mimi hukumbuka hoteli moja hapa Birmingham, jirani na stesheni ya New Street, enzi hizo ikiitwa Midland. Humo ndimo Enoch Powell, mbunge wa Wolverhampton na kigogo wa Conservative, alimotolea hotuba yake dhidi ya wahamiaji, Jumamosi tarehe 20 Aprili 1968.

Hotuba ile haikuvuma kwa bahati. Powell aliwapa waandishi nakala mapema, na kamera za ATV zilikuwepo. Jumapili kiongozi wake, Edward Heath, akamtimua kwenye baraza la mawaziri kivuli, baada ya wakubwa wenzake, akiwemo Iain Macleod, kutishia kujiuzulu. Jumatatu The Times likaiita hotuba ovu. Jumanne makuli wa bandari ya London wakaandamana kumtetea. Tangu hapo hadithi ikawa moja tu: Powell na Heath, nani zaidi?

Lakini jamani, kabla ya hapo waliokuwa wakigombaniwa ni akina nani? Ni watu wa kwetu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Wahindi wengi walibaki na pasi za Uingereza. Sheria za Kenya za 1967 zikawabana wasio raia katika kazi na biashara, wakaanza kuja huku. Powell na mwenzake Duncan Sandys wakapiga kelele, magazeti yakazidi kuzikuza. Serikali iliyokuwepo ilikuwa ya Labour, siyo ya akina Powell, na ndiyo iliyoupitisha muswada wa James Callaghan bungeni kwa siku tatu. Tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Mwenye pasi ambaye mzazi wala babu yake hakuwa wa Uingereza akawekwa kwenye foleni ya vibali 1,500 kwa mwaka.

Angalieni tarehe: sheria iliitangulia hotuba kwa wiki saba!

Na ugomvi wa maana ulikuwa huo wa Februari. Macleod, Waziri wa Makoloni 1959 hadi 1961, alishikilia kwamba Wahindi wale waliahidiwa. Sandys, aliyeshika wizara ileile Kenya ilipopata uhuru, alikana. Macleod akapiga kura kuupinga muswada. Hapo palikuwa na swali la kweli: neno la serikali lina thamani gani? Lakini swali hilo halina mvuto kama mtu kufukuzwa kazi Jumapili.

Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa sheria ile iliwabagua watu kwa rangi na kuwadhalilisha. Kumbe ripoti yenyewe haikuwekwa hadharani mpaka 1994, wengine wameshakufa.

Hapa Sparkhill namfahamu mzee mmoja Muhindi wa Nakuru, Kiswahili chake bado cha dukani. Nilipomtajia Powell alipunga mkono tu. "Huyo alisema, bwana," akaniambia. "Mlango walifunga wengine."

Naomba kuwakilisha. Wenye zaidi watuongezee.