Nairobi hadi New York: Kilomita 11,800 na hesabu ya saa zake

UMBALI wa angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Ndege isiyotua popote njiani huchukua karibu saa 15 kwenda, na kama saa 14 kurudi.

Tofauti hiyo huletwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao. Irudiyo husukumwa nao.

Kizingiti kingine ni Nairobi yenyewe. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua ndege. Ndege iliyojaza mafuta ya kuvuka Afrika na bahari huhitaji njia ndefu ya kurukia, au kupunguza mzigo. Ndiyo maana kuondoka usiku, kukiwa na baridi, kuna manufaa.

Shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018, likitumia ndege aina ya Boeing 787-8. Lilitanguliwa na uamuzi wa Marekani wa Februari 2017 wa kuipandisha Kenya hadi daraja la kwanza la usalama wa anga. Hadi wakati huo, msafiri alilazimika kupitia miji kama vile London, Amsterdam au Dubai, na si ajabu safari ikapita saa 20.

Saa za tiketi huwababaisha wengi. Anayeondoka Nairobi saa tano usiku mwezi Januari hufika saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba amesafiri saa saba tu. Sababu ni kuwa New York iko nyuma ya Kenya kwa saa nane majira ya baridi, na saba kuanzia Machi hadi mapema Novemba. Akirudi, deni hilo hulipwa: aondokaye adhuhuri hutua Nairobi yapata saa nne asubuhi ya siku ya pili.

Isitoshe, kwa Wakenya wengi New York si mwisho wa safari. Aelekeaye Minneapolis ana takriban saa tatu zaidi angani, na wa Dallas karibu nne. Kabla ya hapo sharti apite kwa maafisa wa uhamiaji, achukue mizigo yake, apite forodha, kisha aikabidhi upya. Foleni hizo hazitabiriki. Anayewahi mazishi au kumwona mgonjwa asikubali tiketi ya ndege ya pili inayoondoka saa moja tu baada ya kutua.