Kashasha, 1962: Hofu Iliyopitia Mwilini

Kila baada ya miaka michache, gazeti fulani la ng'ambo huikumbuka Kashasha, na karibu kila mara huikumbuka kwa mzaha: mahali huko Tanganyika ambako watu walicheka hadi shule zikafungwa. Ukirudi kwenye ripoti ya madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyochapishwa mwaka 1963 katika Central African Journal of Medicine, mzaha huo unakauka. Wagonjwa walicheka na kulia kwa kupokezana, hawakutulia, na wakishikwa walipambana na aliyewashika. Wengine walisema wanaogopa kitu, kwamba kuna mtu anawakimbiza, au kwamba kuna vitu vinatembea kichwani. Masimulizi ya baadaye yanaongeza maumivu, kuzimia na kupumua kwa taabu. Wahaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, na wengine akajanja, yaani wazimu. Naona ugonjwa huo unatufundisha jambo ambalo bado linatusumbua katika zahanati zetu, hasa anapoingia mtu anayesema maumivu ya mgongo yamemrudia tena: hofu huumiza mwili kweli, na kipimo kisichoonyesha kitu hakimaanishi kwamba mgonjwa hana kitu.

Tuanze na mambo yalivyokwenda. Kashasha ilikuwa shule ya kati ya wasichana iliyoendeshwa na misheni, kama kilomita 40 kutoka mjini Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wakati huohuo wasichana walikuwa wamerudi makwao, na huko Nshamba, katika Muleba ya leo ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bukoba, watu 217 waliugua kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi Juni shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, ikapata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154. Msichana mmoja akarudi nyumbani Kanyangereka, na ndugu zake kadhaa wakafuata. Shambulio moja liliweza kuisha kwa saa chache au kuendelea hadi siku 16. Hakuna aliyekufa.

Madaktari walifanya walichopaswa kufanya. Walilaza baadhi ya wagonjwa katika hospitali ya Bukoba, wakawapima damu, wakawachoma sindano ya mgongo ili kupata maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula. Hawakupata kidudu wala sumu. Nje ya hospitali watu walikuwa na majibu yao: unga umetiwa sumu, au hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Tusiwacheke, kwa maana mwaka 1962 mabomu hayo yalikuwa yakijaribiwa kweli, na habari zake zilifika hata vijijini. Lakini sumu ya unga au ya hewa haichagui. Walimu watano wa Kashasha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakupatwa hata mmoja. Ugonjwa ulipita kwenye njia za urafiki na undugu, kutoka bwenini hadi nyumbani, na kwa sababu hiyo madaktari waliuita histeria ya kundi.

Neno hilo ndilo lililoharibu mambo, kwa kuwa masikioni mwa wengi lina maana ya kujifanya. Kuna wanaosema kuwa kuwahusisha wasichana hawa na wasiwasi ni kuendeleza dharau ya zamani kwa wanawake. Pingamizi hilo lina uzito, ila linasimama tu kama wasiwasi ni jambo dogo. Tazama walipokuwa wamewekwa: wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya nidhamu ya misheni, mbele yao mtihani wa darasa la nane ambao wachache tu ndio wangeuvuka kwenda sekondari, na nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wiki saba tu kabla, ikiwa na matumaini makubwa kwa kila aliyejua kusoma. Christian Hempelmann, aliyelirudia suala hili katika makala ya mwaka 2007, naye alielekeza kidole kwenye shinikizo, si kwenye ucheshi. Mtoto ambaye hana pa kusemea hofu yake huisema kwa kile alichonacho, na wasichana hawa walikuwa na mwili.

Kicheko kinaonekana na maumivu ya mgongo hayaonekani, lakini njia ya hofu mwilini ni ileile. Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli ya shingo na kiuno bila kujua, halali vizuri, na mishipa yake ya fahamu hukaa macho kiasi kwamba kiasi kidogo cha maumivu hupokelewa kama kikubwa. Kisha huogopa kuinama, misuli inalegea kwa kukosa kazi, na siku atakapoinama ataumia. Hapo maumivu yanakuwa ya kujirudia. Uchunguzi wa Bigos na wenzake, uliotolewa mwaka 1991, uliwafuatilia wafanyakazi 3,020 wa kiwanda cha ndege cha Boeing, na waliosema hawafurahii kazi yao karibu kamwe waliripoti kuumia mgongo mara 2.5 zaidi ya waliosema wanaifurahia karibu kila wakati. Ni kweli kwamba kuripoti ni jambo moja na kuumia ni jingine. Lakini kuna ushahidi mwingine usiotegemea maneno ya mtu: mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya picha za uti wa mgongo za watu wasio na maumivu yoyote, wakakuta diski zilizochakaa kwa 37 kati ya kila watu 100 wenye miaka 20, na kwa 96 kati ya 100 wenye miaka 80. Kwa hiyo picha mbaya bila maumivu ipo, kama vile maumivu bila picha mbaya yapo.

Msomaji wa Muleba atanijibu kwamba mama anayeinama na jembe la mkono kwenye kibanja tangu alfajiri, kisha akabeba mkungu wa ndizi, hahitaji wasiwasi ili mgongo umuume. Sikatai. Jembe ndilo linaloanzisha maumivu mengi, lakini halielezi kwa nini wawili wanaolima mstari mmoja wanatofautiana, mmoja akapona kwa wiki na mwingine akaumwa mwaka mzima, akimeza panado na kubadilisha dawa za kuchua. Kuna pingamizi zito zaidi. Kagera, mkoa wa Bukoba na Muleba, ndiyo iliyopata wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa nchini, mwaka 1983; ukimwi hufungua njia kwa kifua kikuu, na kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Daktari anayekimbilia kusema "ni mawazo tu" anaweza kumwacha mtu apooze. Kwa hiyo mtu anayekonda, mwenye homa za usiku, anayekufa ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo achunguzwe kwanza, tena haraka.

Ila Rankin na Philip walichunguza kwanza, na sindano ya mgongo ilitumika kweli. Walichokosa ni lugha ya kumwambia msichana baada ya hapo. Wangeweza kumweleza kwamba damu yake ni safi na bado anaumwa, kisha wakamuuliza anachokiogopa na kukiamini alichojibu. Jibu lenyewe walikuwa nalo tayari: wagonjwa walisema wanakimbizwa. Katika ripoti, kauli hiyo iliwekwa miongoni mwa dalili.