Fungo na Zabadi

Neno la Kiingereza civet hubeba maana mbili: huwataja wanyama kadhaa wa familia ya Viverridae, na pia hutaja mafuta mazito yenye harufu kali yanayotoka katika tezi zao. Asili yake ni neno la Kiarabu zabad, lililopitia lugha za kusini mwa Ulaya kabla ya kufika Uingereza. Kiswahili nacho kilikopa neno hilohilo, likawa zabadi, lakini kikaliweka kwa ajili ya mafuta, kwa kuwa mnyama alikuwa na majina yake, fungo na ngawa. Mfasiri basi hana haja ya kuunda istilahi mpya. Linalompasa ni kuamua, kila alikutapo neno hilo, kama linalozungumzwa ni mnyama au ni kile anachokitoa.

Zabadi ni mafuta laini ya manjano ambayo hugeuka kuwa kahawia kadiri yanavyokaa, na fungo, dume kwa jike, huyapaka kwenye mashina na mawe ya kando ya njia zake ili wenzake wajue kuwa eneo lina mwenyewe. Harufu yake huchukiza ikiwa nzito na hupendeza ikizimuliwa, ndiyo maana watengenezaji wa manukato waliitafuta kwa karne nyingi, na Ethiopia, muuzaji mkuu, ilizoea kuisafirisha katika pembe za ng'ombe. Huvunwa kwa kumfungia dume katika tundu jembamba na kumkwangua tezi, mateso yasiyostahili kufichwa nyuma ya uzuri wa marashi. Kiini cha harufu hiyo ni sivetoni, kemikali ambayo Leopold Ružička alionyesha mwaka 1926 kuwa ni duara la atomi 17 za kaboni, ukubwa ambao wanakemia wa wakati huo hawakuutarajia.

Fungo wa Afrika, Civettictis civetta, ndiye anayepatikana katika uwanda wa kati wa Tanzania. Huko Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja na miezi mingi ni ya ukavu, vichaka vya kando ya makorongo humpa maficho ya mchana, naye hutoka usiku kutafuta panya, nyoka, wadudu, mizoga, kunazi, na hata jongoo, ambao sumu yao huwakimbiza walaji wengi. Hujisaidia mahali palepale mara kwa mara, na rundo hilo, ambalo lafaa kuitwa choo cha fungo, likichunguzwa huonekana pingili za jongoo zilizochanganyika na mbegu nzima. Kwa njia hiyo miti huota mbali na mama yake, kazi ambayo mkulima anayemjua fungo kwa wizi wa kuku tu hana budi kuelezwa.

Jina paka wa zabadi, ingawa limezoeleka, linapotosha, kwa sababu fungo ana meno 40 na magego mapana ya kusagia, ilhali paka ana meno 30, na kucha zake hazifichiki kama za paka, hivyo huacha alama katika nyayo. Ndugu yake wa karibu ni kanu, wa jenasi Genetta, aliye mwembamba na mwenye mkia mrefu wa pete. Kwa hiyo Viverridae yaweza kuitwa familia ya fungo na kanu. Fungo wa miti, Nandinia binotata, hamo humo: wanasayansi wamemtenga katika familia yake mwenyewe, Nandiniidae, na orodha za Kiswahili zimtenge vivyo hivyo.