Usafiri na Bei ya Ardhi

Nyongeza ya thamani ya ardhi itokanayo na usafiri ni sehemu ya bei ya kiwanja ambayo mnunuzi hulipa kwa sababu mahali hapo panafikika kwa urahisi, wala si kwa rutuba au majengo yake. Johann Heinrich von Thünen aliieleza kanuni hii kwa mashamba mwaka 1826. William Alonso akaitumia kwa miji mwaka 1964.

Nchini Kenya, mfano ulio wazi zaidi ni Barabara Kuu ya Thika na kituo cha reli cha Syokimau, vilivyozinduliwa Novemba 2012. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Juja yamekatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na matangazo yake mara nyingi hutanguliza umbali hadi lami. Faida humwendea mwenye hati hata kama hakuchangia chochote, huku mpangaji akiongezewa kodi.

Kinyume chake, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, kwa miongo mingi mbung'o na malale ndivyo vilivyowazuia watu kuhamia. Sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ambayo sasa ni Mbuga ya Taifa ya Ruma. Kikwazo kingine ni usafiri: matatu hupita kwenye lami ya Homa Bay–Mbita. Ndani zaidi hutegemewa bodaboda, nazo hukwama mvua inapolowesha udongo mweusi wa mfinyanzi. Nauli ya kila gunia hadi sokoni hupunguza kile ambacho mnunuzi yuko tayari kulipia shamba, hata lenye rutuba.