Darasa Limfuate Mzazi: Ushiriki wa Wazazi katika Shughuli na Ziara za Elimu ya Awali

Mzazi mwenye mtoto katika darasa la awali la shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania anajua mapema ataitwa shuleni kwa ajili gani. Ataitwa kwenye kikao cha mchango wa uji, ataombwa nguvu kazi matundu ya vyoo yanapochimbwa au boma la darasa linapomaliziwa, na mwisho wa mwaka atakaribishwa kwenye mahafali. Haitwi kuingia darasani saa za masomo, akakaa mkekani na watoto na kufanya kazi pamoja nao. Ninadai katika makala haya kwamba mazoea hayo yanawanyima watoto sehemu kubwa ya maarifa yaliyo hatua chache tu kutoka shuleni. Ninadai pia kwamba dawa yake si kuwaita wazazi waingie darasani kwa zamu kama ifanyikavyo katika shule nyingi za Marekani na Uingereza. Tuanze na ziara: darasa litoke kwa miguu, limfuate mzazi mahali anapofanyia kazi.

Mazoea haya yana historia yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa mwanzoni mwa 2016, watoto wakafurika. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini zipo shule ambako mwalimu mmoja amejikuta na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Nyaraka zilizofuata, katika kugawa majukumu, zilimwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mchana. Yaani hata pale serikali ilipokaa kueleza upya nafasi ya mzazi, ilimwona kwa macho yale yale ya zamani: mtu wa kutoa vitu. Wazazi wengi nao walielewa kwamba wakishatimiza hayo, yaliyobaki ni ya mwalimu peke yake.

Katika hali hiyo kuna kishawishi kikubwa cha kumwona mzazi kama mwalimu wa akiba. Watoto ni mia, mwalimu ni mmoja, basi na waje akina mama wawili watatu wasaidie kutuliza vurugu. Napinga wazo hili kwa nguvu zote. Upungufu wa walimu ni deni la serikali kwa watoto, na deni hilo haliwezi kulipwa kwa kazi ya bure ya wanawake ambao tayari wanabeba kazi nyingine za bure nyumbani. Mzazi anapokuja darasani aje kwa sababu ana jambo ambalo mwalimu hana.

Pwani ya Afrika Mashariki imejua kwa muda mrefu kwamba mzazi ana jambo la kutoa darasani. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan na juhudi za Bi Swafiya Said, kisha ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, haukuanza kwa kununua vifaa. Jamii yenyewe iliamua kuwa na shule, ikateua kamati na kumtoa mwalimu miongoni mwa wanawake wake, na wazazi wakakaa pamoja kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu vya nazi, vizibo, makombe ya pwani na mabaki ya vitambaa. Mama aliyeshona mwanasesere kwa kipande cha khanga alikuwa amechangia somo, kwa maana mtoto wake alijifunza kupitia kile alichokitengeneza yeye. Baadaye Zanzibar ikawa na vituo vya Tucheze Tujifunze, maarufu kama TuTu, ambako vipindi vya redio viliendeshwa na walezi kutoka mtaa huo huo. Bara nako, mpango wa Utayari wa Shule chini ya programu ya elimu ya EQUIP-Tanzania uliwatumia wasaidizi waliochaguliwa na jamii kuendesha wiki 12 za masomo yaliyojengwa juu ya hadithi, kwa watoto ambao hawakuwa wamepata darasa la awali.

Mifano hii haifanani katika kila kitu, na mingine ilitegemea fedha za wafadhili ambazo zilikuwa na mwisho wake. Hata hivyo, yote inaonyesha kwamba mtu wa kawaida, akiandaliwa vizuri, anaweza kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Nje ya kwetu, shule za Reggio Emilia huko Italia, ambazo leo walimu wa dunia nzima huzifuata kujifunza, chimbuko lao ni wazazi. Katika kijiji cha Villa Cella, mara baada ya vita mwaka 1945, wanakijiji waliuza kifaru, malori kadhaa na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani, wakaokota matofali kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakajenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao. Loris Malaguzzi, aliyekuja kuwa mwanafalsafa wa shule hizo, alifika hapo kwa baiskeli baada ya kusikia habari zao. Nguvu kazi ya wazazi ilitangulia nadharia. Tofauti kati yao na sisi ni kwamba baada ya kuta kusimama wazazi wale hawakuambiwa warudi nyumbani; waliendelea kuwa na sauti katika yale yaliyofundishwa ndani yake.

Kuna utafiti unaotusaidia kueleza kwa nini sauti hiyo ina thamani. Luis Moll na wenzake, waliofanya kazi na familia zenye asili ya Meksiko huko Tucson, Arizona, walionyesha katika maandishi yao ya 1992 kwamba nyumba zilizodhaniwa kuwa hazina elimu zilijaa maarifa ya kilimo, ujenzi, biashara na tiba, na kwamba mwalimu aliyekwenda kuyatafuta aliweza kuyageuza kuwa masomo. Barbara Rogoff naye, katika uchunguzi wake kwa Wamaya wa Guatemala, aliona watoto wakijifunza kwa kukaa karibu na kazi ya watu wazima, wakiangalia kwa makini, kisha wakipewa kipande kidogo cha kazi hiyo. Aliyelelewa kijijini kwetu ataitambua picha hiyo mara moja. Mtoto wa miaka mitano hupembua mchele kando ya bibi yake, hushika kamba baba anapofunga mzigo. Shule ndiyo inayomtoa katika mazingira hayo, ikamweka mbele ya ubao saa nne nzima.

Sasa, kwa nini nasema tuanze na ziara? Jibu ni muda wa mzazi. Annette Lareau, katika kitabu chake cha 1989, alilinganisha shule mbili za Marekani na kugundua kwamba wazazi wa tabaka la kati ndio waliofaidi mwaliko wa shule. Walikuwa na nafasi ya kutoka kazini, walizungumza lugha ya mwalimu na hawakuogopa ofisi yake. Wazazi wafanyakazi wa kipato cha chini walithamini elimu kama wao, ila walibaki pembeni. Tukileta utaratibu wa zamu za wazazi darasani Temeke au Kisumu, matokeo yatakuwa hayo hayo. Atakayekuja Jumanne saa tatu asubuhi ni mwenye mshahara wa mwezi. Mama lishe hawezi kuacha sufuria jikoni, kibarua akikosa siku amekosa chakula cha siku hiyo, na dereva wa bodaboda anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki jioni. Watoto wao watazidi kuamini kwamba shule ni ya wazazi wa wenzao.

Ziara inaugeuza mpango huo. Chukua mfano wa fundi cherehani mwenye kibanda umbali wa dakika kumi kutoka shuleni, ambaye mjukuu wake yuko darasa la awali. Mwalimu amekwenda siku mbili kabla, wamekubaliana. Watoto 20 wanafika, wanakaa kwenye kivuli mbele ya kibanda. Fundi anavuta futi shingoni, anampima mtoto mmoja bega hadi bega, anaitaja namba, mwalimu anairudia, wote wanairudia. Anampima wa pili. Nani ana mabega mapana zaidi? Anachora kwa chaki juu ya kitenge, anakunja kitambaa katikati na kukata mara moja, kisha anakikunjua: pande mbili zilizo sawa kabisa. Hapo pana kipimo, ulinganishaji na umbo, mambo ambayo mtaala wa elimu ya awali wa 2016 uliyaweka chini ya stadi za awali za kihisabati, na mwalimu hakulazimika kuchora chochote ubaoni. Wanapoondoka, kila mtoto ana kipande cha kitambaa cha kupeleka kwenye kona za ujifunzaji. Fundi amepoteza labda nusu saa. Mjukuu wake anarudi akiwa ameona babu yake akisikilizwa na mwalimu.

Ziara ya namna hii haina nauli wala mchango, na hilo kwangu ni jambo la haki kabla ya kuwa la urahisi. Katika shule nyingi ziara maana yake ni basi la kukodi kwenda makumbusho au mbugani, na mtoto ambaye kwao hawakulipa hubaki shuleni siku hiyo. Siipingi ziara ya Makumbusho ya Taifa au ya magofu ya Kaole. Ninapinga kuifanya ndiyo ziara pekee. Halafu kuna barabara. Ajali ya Karatu ya Mei 2017, iliyoua wanafunzi zaidi ya 30 ndani ya basi dogo, imetufundisha kwa uchungu mkubwa kwamba kila safari ya watoto inahitaji sababu ya kutosha. Kutembea nako kuna hatari zake, na hapa ndipo mzazi anapohitajika kweli kama msindikizaji: mmoja kwa watoto watano au sita, anayewajua kwa majina, anayeshika mkono wa mtoto upande wa barabara.

Walimu wana hofu ambazo hazifai kupuuzwa. Mzazi anaweza kumpendelea wake, au mtoto akamng'ang'ania mama na kukataa kufanya lolote. Zaidi ya yote, mzazi anaweza kutoka na habari za watoto wa wenzake: nani bado anajikojolea, nani alikuja na nguo chafu, nani hajui kuhesabu. Habari kama hizo zikifika kisimani zinamuumiza mtoto kwa miaka. Kwa hiyo mzazi asipangwe kwenye kikundi cha mtoto wake siku za kwanza, aelezwe wazi kwamba aliyoyaona darasani hayatoki, na asiachwe peke yake na watoto mahali pasipoonekana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutangulize maslahi ya mtoto, na tahadhari hizi zinatokana na wajibu huo. Hazimaanishi kwamba mzazi anashukiwa.

Mzazi aliyekwisha kuwa mwenyeji wa darasa ni rahisi kumwalika aje ndani. Fundi yule akipata siku yenye kazi chache atakuja kufundisha kutunga uzi. Bibi atakuja kutoa ngano, na hapana shaka ataijua vizuri kuliko kitabu. Akina baba, ambao mara nyingi huonekana shuleni siku ya kikao cha kamati tu, hupatikana kwa urahisi zaidi gereji, sokoni na ufukweni kuliko darasani. Ningetaka vyuo vya ualimu vimpe mwanachuo wa elimu ya awali zoezi hili katika mafunzo kwa vitendo: azunguke mtaa unaoizunguka shule, aorodheshe kazi za wazazi wa darasa lake, achague tatu zinazolingana na umahiri uliomo kwenye mtaala, aende kuzungumza na wenye kazi hizo na apange ziara moja. Mthibiti ubora wa shule naye anapofika shuleni, pamoja na kuuliza daftari la mahudhurio ya watoto, aulize mwaka huu darasa limekwenda kwa mzazi gani.