Adhabu ya viboko shuleni (Tiwi, Kwale)
Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikakaza uzi: chini ya Sheria hiyo, anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Katika wadi ya Tiwi, eneo bunge la Matuga, kama kwingineko nchini, wazazi na jamii wana wawakilishi 6 kwenye bodi ya shule, yenye wajibu wa kulinda haki za wanafunzi. Kulalamika kupitia bodi hiyo kuna uzito zaidi kuliko manung'uniko ya barazani. Madrasa haziko chini ya bodi hizo, ingawa Katiba humlinda mtoto huko pia.